Beji ya Kiunoni

3 Februari

Dada,

Simu nimeiacha makusudi. Tulikubaliana mambo mazito tuandikiane, kwa sababu kwenye simu mimi napayuka na wewe unakata. Basi leo mgonjwa wa mwisho ameshaondoka na mkono wake umefungwa bendeji, mashine inapoa, nami nimekaa kwenye kiti cha mapokezi na kalamu mkononi.

Sisi huku wazima. Mashine yetu ni ileile, meza haipandi mpaka uisukume kwa goti. Daktari mpya anataka picha ya kifua kwa kila anayekohoa, hata aliyepaliwa na maji. Shemeji yako anakusalimu, anasema lini utastaafu aje kula karamu.

Haya, salamu zimekwisha. Nimezungumza na Redio. Usijifanye humjui, ni yule kijana niliyemfundisha kazi hapa kabla hajahamia kwenye hospitali yenu kubwa. Nilimwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Ananiambia binti yangu tangu mwezi uliopita haingii chumba cha eksirei. Wenzake wa mwaka wa mwisho hapo chuoni kwenu wanasukuma machela na kubeba kaseti za picha, yeye amesimama mbele ya mwaka wa kwanza na lile sanamu lenu la mazoezi mnaloliita Mzee Mvumilivu, anafundisha. Mwanafunzi anafundisha wanafunzi! Na wewe umekaa nyuma, umekunja mikono, unatabasamu. Redio anasema hata akisema "vuta pumzi, usipumue" anaisema kwa sauti yako, ileile iliyokupa jina la Mama Usipumue.

Nilipomleta kwako nilisema mfundishe kazi. Sikusema mgeuze awe wewe.

Mafunzo kwa vitendo yanaanza mwezi wa nne. Namtaka aje kuyafanyia hapa, kwenye hospitali yangu, kwenye meza yangu mbovu. Mume wake mpima ardhi yuko porini na darubini zake mpaka katikati ya mwaka, kwa hiyo hakuna kinachomzuia. Nijibu upesi.

Mdogo wako


14 Februari

Mdogo wangu, Kitinda wa nyumba yetu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipoimaliza nikakaa. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuambia uipige upya, mwanga umezidi.

Ni kweli binti yetu anafundisha mwaka wa kwanza. Ana kipaji. Wiki iliyopita aliwalaza wote mezani, mmoja baada ya mwingine, bila shuka, ili waonje baridi anayoionja mgonjwa kabla hawajamwambia atulie. Zoezi hilo nimelifanya miaka yote ya ualimu wangu, lakini yeye ameongeza lake: anawaacha wamelala, anatoka, anafunga mlango. Akirudi anawauliza walifikiria nini. Kijana mmoja mrefu, mwenye maringo, alijibu kwamba alidhani wamemsahau, na machozi yalikuwa yamemlenga. Sikuwahi kufikiria kufunga mlango. Niliona fahari, na nikaona wivu kidogo pia, nakuambia kweli.

Kuhusu kuja huko mwezi wa nne, haitawezekana. Nimempangia kazi hapa chuoni kwa muhula mzima. Sababu ni za kitaaluma. Niamini mimi tu, hata mara hii moja.

Unaposema "binti yangu" unaiandika kwa wino mzito sana. Hakuna aliyekunyang'anya.

Msalimie shemeji. Mwambie karamu ni mwezi wa kumi na mbili, na aje amekula.

Dada yako


22 Februari

Mwanangu,

Nakutumia kifurushi kwa mkono wa dereva wa gari la wagonjwa. Kuna sweta, kuna sabuni unayoipenda, na kuna kahawa, ile ya kusagwa kwa mkono. Najua huko mnakunywa maji ya rangi mnayaita kahawa. Ukifungua tu harufu yake utanikumbuka.

Mama Mkubwa wako anasema umepangiwa kazi muhula mzima. Wewe mwenyewe unasemaje? Chumba chako nimekipaka rangi. Hapa kuna wagonjwa wa kila aina, waliovunjika kwa pikipiki, watoto waliomeza sarafu, wazee wasiojua kusimama wima. Hakuna mwalimu anayeweza kukufundisha kumsimamisha mzee wa namna hiyo kwa kutumia sanamu.

Niambie ukweli, mwanangu. Umekataa kuja au umekatazwa?

Mama yako


2 Machi

Mama mpenzi,

Kifurushi nimepata, asante sana. Sweta imenikaa vizuri, kubwa kidogo lakini ndivyo ninavyotaka. Kahawa nimempa Mama Mkubwa, siku hizi siinywi, usikasirike. Kila asubuhi anaisifu.

Hajanikataza mtu, Mama. Naomba unielewe kwamba muhula huu nafaa kuwa hapa. Kufundisha kumenikaa. Mama Mkubwa anasema mwalimu wa eksirei kazi yake ni kumfanya mwanafunzi amwone mtu kabla ya kuuona mfupa, nami nalala nalifikiria hilo. Siku nyingi nakula kwake, kwa sababu chakula cha bwenini kinanishinda. Amenipa kile chumba chake cha nyuma chenye dirisha, nisome kwa utulivu.

Usipake rangi tena, tafadhali, mgongo wako. Nitakuja, ila si sasa.

Nakupenda. Usiniulize sana.

Mwanao


9 Machi

Dada,

Kwa hiyo unakunywa kahawa yangu.

Nimeisaga kwa mikono yangu, Jumapili nzima, mabega yakawaka moto. Nimeisaga nikimfikiria mtoto wangu anavyoikoroga bila sukari kama mimi. Wewe unaikoroga na sukari vijiko vitatu na kuisifu! Sitaki sifa zako.

Unasema hakuna aliyeninyang'anya. Anakula kwako, analala kwako, anasema maneno yako. Barua yake ya kurasa mbili nimehesabu "Mama Mkubwa anasema", nikaacha kuhesabu. Mimi ndiye niliyemzaa lakini nikimuuliza swali ananijibu "usiniulize sana", kana kwamba mimi ni jirani mmbea.

Na sasa Redio ananiambia jambo jingine. Umempa beji mbili. Wenzake wote wana beji moja ya kupimia mionzi kifuani, kama kila mtu wa kazi hii, yeye ana moja kifuani na nyingine kiunoni. Wenzake walipouliza, ukasema eti ni zoezi maalumu la ufundishaji. Mimi hapa nina beji moja, ikipelekwa kupimwa inakaa huko mpaka naisahau sura yake, nafanya kazi kifua wazi kama mwendawazimu. Binti yangu anavishwa mbili kama jenerali. Unamtangaza mrithi wako, dada. Sema tu. Unastaafu, huna mtoto, umeamua kumchukua wangu umkalishe kwenye kiti chako.

Nisamehe kwa hilo la mtoto. Hapana, usinisamehe, nimeshaliandika.

Unakumbuka tulivyokuwa darasani sisi wawili? Nafasi ya kwenda kusomea ualimu ilikuwa moja. Mimi ndiye niliyekuwa na alama za juu. Nikashika mimba ya huyuhuyu binti, wakanitoa chumba cha eksirei, wakanikalisha mapokezi niandikishe wagonjwa mpaka nijifungue. Waliporudi kuchagua, walimchagua aliyekuwa chumbani. Ukaenda wewe. Sijawahi kukulaumu kwa mdomo. Lakini mtoto aliyenikosesha ualimu huwezi kuja kunichukulia tena kwa jina la ualimu. Roho inaniuma mpaka nasikia ladha yake mdomoni.

Kama mwezi wa nne hajaja, namwandikia mkuu wa chuo. Nitamwambia Mama Usipumue anapendelea damu yake, anamwondolea zamu mpwa wake na kumpa cheo asichostahili. Tuone kama hizo sababu za kitaaluma zina miguu.

Mdogo wako, kama bado nahesabiwa


17 Machi

Mdogo wangu,

Nakuomba usimwandikie mkuu wa chuo. Sijawahi kukuomba kitu, hilo unalijua, kwa sababu mara zote umelalamika kwamba nina kiburi.

Kuna jambo siwezi kukuambia. Si langu. Nikikuambia nitakuwa nimevunja ahadi, na wewe mwenyewe siku moja ungenilaumu kwa kuivunja. Isome barua ya mwanao tena taratibu. Isome yako pia, zaidi sana pale ulipoandika habari za beji. Wewe ni mtu wa kazi hii.

Kahawa iliyobaki nimeifunga, nitairudisha.

Dada


11 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Barua yako kwa mkuu wa chuo ilifika. Imeandikwa vizuri, kila koma mahali pake. Kumbe ulipata alama za juu kweli.

Kikao kilikaa juzi. Mkuu wa chuo, Mwalimu wa Fizikia, mtu wa utumishi na yule bwana wa maabara. Waliniuliza kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mpwa wangu wa damu, ameondolewa kwenye zamu za eksirei, na kwa nini amewekwa kufundisha. Nikasema ni uamuzi wangu kama mkuu wa idara. Wakauliza sababu. Nikasema sitaisema. Mkuu wa chuo alinitazama kwa huruma, akaniuliza tena, polepole, kama anayemsaidia mtoto kujibu. Nikarudia kwamba sitaisema. Mwalimu wa Fizikia alikuwa anachora visanduku kwenye karatasi yake.

Ningeweza kumnong'oneza mkuu wa chuo. Nilifikiria sana. Lakini mihutasari ya vikao anaipiga chapa katibu wake, na katibu wake amechumbiwa na Redio wako. Lingekufikia kabla wino haujakauka, na kabla mwenye jambo hajataka likufikie.

Kwa hiyo nimeondolewa ukuu wa idara, na nimetolewa kwenye jopo la watahini. Nitamalizia mwaka wangu wa mwisho kama mwalimu wa kawaida. Darasa hili nililolilea sitalitahini, wala sitasimama nao siku ya vyeti. Nilianza kufundisha kwenye chumba kile tukiwa hatuna hata taa ya kutazamia picha. Tulikuwa tunazibandika dirishani tunangoja jua. Nilitaka kutoka kwa mlango wa mbele. Nimeumia, na aliyeniumiza ni wewe, na ninakuambia ili ujue.

Binti yetu hakujua habari za kikao mpaka kilipokwisha. Alilia sana. Amesema atakuandikia mwenyewe. Sitakuandikia tena mpaka hapo.

Dada yako


13 Aprili

Mama,

Kaa chini kwanza.

Nina mimba. Inaingia mwezi wa sita. Ndiyo sababu siingii chumba cha eksirei, ndiyo sababu ya kahawa, ndiyo sababu sweta kubwa imenifaa. Beji ya kiunoni ni ya mtoto, Mama. Inapima mionzi inayoweza kumfikia yeye. Unajua hivyo kuliko mimi. Nilipomsikia Mama Mkubwa akinisomea barua yako, "beji mbili kama jenerali", nilidhani unatania.

Baba mtoto anajua. Mama Mkubwa alijua kwa sababu sheria ya chuo inataka umwambie mkuu wa idara, na mkuu wa idara akitaka kuwa muungwana anafunga mdomo. Nilimwapisha. Sasa nitakuambia kwa nini sikukuambia wewe, na itakuuma, lakini barua yako kwa mkuu wa chuo nayo imeuma watu.

Ile mimba ya mwaka juzi nilikuambia asubuhi, mpaka jioni walikuwa wamejua wakwe zangu, majirani wote wa mtaa wetu, na wenzako wa zamu. Ulinunua nguo, ukaziosha, ukazianika uani kila mtu azione. Ulifurahi, najua, sikulaumu kufurahi. Mimba ilipotoka nililala siku ngapi sijui, na kila anayekuja mlangoni anakuja na "pole", watu ambao sikuwahi kuwaambia nilikuwa na kitu cha kupoteza. Shangazi mmoja alileta hadi nguo alizokuwa amenunua, eti nitunze. Wewe ulikuwa jikoni unawapokea, unalia nao. Mimi ndani nilikuwa natamani wote waondoke, na wewe uondoke nao.

Mara hii nikasema nitakuambia mtoto akishafika umri wa kuweza kuishi hata akizaliwa mapema, si kabla. Nilikuwa nangoja wiki chache tu.

Nimekwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo leo asubuhi nikamweleza. Alishika kichwa. Alisema laiti angalijua. Kiti ameshampa Mwalimu wa Fizikia, kwa barua yenye muhuri, hadi mwisho wa mwaka.

Mtoto anacheza sana. Najua utataka kujua hilo.

Mwanao


24 Aprili

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Shemeji yako amekusanya vipande akauliza kama nimeanza kutengeneza mto.

Leo asubuhi alikuja mama mmoja kupigwa picha ya nyonga. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, "Mama, una mimba au unahisi unaweza kuwa nayo?" Neno hilo nalisema kwa siku mara ngapi, limeandikwa hata mlangoni kwa rangi nyekundu. Lilipotoka mdomoni leo nilishindwa kuendelea. Yule mama akaniuliza kama mashine imeharibika. Nikasema ndiyo, imeharibika, ngoja kidogo.

Msichana ameondolewa chumbani. Amekaa na sanamu. Ameacha kahawa. Chakula cha bweni kinamshinda. Amevaa beji kiunoni! Ungenionyesha mambo hayo kwa mtoto wa mtu mwingine yeyote, ningekuambia mpaka na miezi. Nilikaa na mambo yote hayo mbele yangu, kila moja lina sauti, na nilichokiona ni wewe tu, wewe na kiti chako. Hata mapokezi yale niliyokalishwa mimi na mimba yake, niliyakumbuka ili nikulaumu, sikuyakumbuka ili nimwone.

Nimemwandikia mkuu wa chuo nikamwambia nilisema uongo. Si uongo wa mambo, ni uongo wa maana yake. Nimempigia pia. Amesema ameelewa, ila kiti ni kiti. Nimempigia na Redio. Nimemwambia kuanzia leo azime. Hakujua chochote, maskini, alidhani kweli ni zoezi la ufundishaji. Alikuwa anatafuta namna ya kuliomba yeye pia.

Sijui naomba msamaha kwa namna gani. Kwa mgonjwa niliyempiga picha mbaya nasema, samahani, tunarudia. Hapa hakuna kurudia. Umekosa kusimama na wanafunzi wako kwa sababu yangu.

Mwanangu simwandikii bado. Naogopa nikimwandikia nitamuuliza maswali. Mwambie tu nimesikia kwamba anacheza.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa, mara hii.

Sitakuambia haijaniuma, mimi na wewe hatudanganyani vizuri. Mwalimu wa Fizikia ameshabadilisha pazia la ofisi, ameweka la kijani. Kila nikipita mlangoni naliangalia pazia lile kwa chuki isiyo ya mtu mzima. Kwenye kikao alikuwepo, naye ndiye anayefundisha somo la beji, na hakuuliza swali hata moja. Wanaume wanne mezani na hakuna aliyejiuliza kwa nini mwanamke aliyeolewa ameondolewa kwenye mionzi. Kwa hiyo hujakuwa kipofu peke yako, kama hilo linakufariji.

Nafundisha mwaka wa kwanza sasa, mimi na Mzee Mvumilivu. Hanijibu, na hiyo ni raha ya aina yake.

Lakini kuna kitu nataka ukijue, kwa sababu umebeba lawama yote na sehemu yake ni yangu. Ahadi ya binti niliitunza kwa sababu ni ahadi. Nilifurahi nayo vilevile. Jioni aliponiambia, amekaa kwenye kiti changu cha jikoni, viatu amevua, nilikuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kujua. Mimi, si wewe. Maisha yangu yote habari za watoto nimezipata kwako zikiwa zimepoa: ameota jino, ametembea, amesema "mama". Nilikuwa nakujibu "hongera" kisha nakwenda kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Mara hii nilijua kabla yako. Nilikuwa narudi nyumbani haraka niione sweta yake mlangoni. Ningeweza kumshawishi akuambie mapema, angenisikiliza. Sikumshawishi. Kila wiki nilikuwa najiambia, bado wiki moja. Unadhani ni wewe tu mwenye kijiba cha roho katika nyumba yetu? Mimi nilikuwa nakionea wivu kila kitu chako, hata mgongo wako unaokuuma kwa kumbeba.

Alama zako zilikuwa za juu kuliko zangu. Hilo nalo lisemwe.

Kahawa hii nakurudishia. Iliyobaki ni kidogo, niliendelea kuinywa hata baada ya kusema nimeifunga.

Dada


2 Julai

Mama,

Asante kwa barua fupi, ile ya mistari minne. Nimeona ulivyojizuia, karatasi ilikuwa na matundu ya kalamu.

Daktari anasema ni mwisho wa mwezi huu au mwanzo wa ujao. Uje, nataka uje. Ukifika, utalala kwa Mama Mkubwa, kitanda chako kimeshatandikwa, na naomba msigombane mbele ya mwaka wa kwanza, maana wanakuja kule jioni kusoma.

Kuna jambo lazima nikuambie kabla hujafunga mizigo. Chumba cha kujifungulia wanaruhusu mtu mmoja tu aingie na mzazi. Mume wangu hatakuwa amefika, kazi ya porini imeongezwa muda. Nimefikiria sana, na nimemwomba Mama Mkubwa. Alikataa. Alisema hiyo ni nafasi yako, akatoka nje, akakaa huko mpaka giza. Nimemwambia uamuzi ni wangu. Ananiambia nikuulize wewe, ukisema hapana yeye haingii.

Si kwa sababu nakupenda kidogo. Ni kwamba wewe ukiniona naumia unaumia kwa sauti, Mama, kisha mimi ndiye ninayebaki kukutuliza. Siku hiyo sitakuwa na nguvu za watu wawili. Yeye anajua kutulia.

Mjibu yeye, tafadhali. Anangoja kwa namna yake, anapanga vitabu ambavyo vimeshapangwa.

Mwanao


11 Julai

Dada yangu,

Ingia wewe.

Usidanganyike kwamba nimekuwa mtu mwema. Nilipoisoma barua ya binti nilikwenda chumba cha giza, kile ambacho hatukitumii tena tangu walete kompyuta, nikafunga mlango nikakupiga ngumi kwenye koti la zamani lililoning'inia pale. Wivu haujaniisha. Unaniunguza hapa ninapoandika, na ukiwa ndani na mimi niko nje kwenye benchi utaniunguza zaidi. Nitakuwa nasikia mlango ukifunguliwa na kufungwa, na kila ukifungwa nitakuwa nakuchukia kidogo. Vumilia.

Lakini amesema kweli. Mimi ningepayuka.

Nakuja na basi la asubuhi tarehe ishirini na tano. Mizigo yangu ni midogo, nguo za mtoto sijanunua hata moja, na hakuna mtu hapa mtaani anayejua ninakokwenda. Nimemwambia jirani nakuja kwako kutibiwa mgongo. Amenipa pole, nikaipokea.

Sasa sikiliza, maana hili halimo katika kitabu chako chochote. Akishikwa na maumivu makali hatataka maneno, hata yako. Usimpapase kichwani, anachukia tangu mdogo, atakusukuma. Mwekee kiganja mgongoni, chini, juu kidogo ya kiuno, ukikandamize kisha kitulie hapohapo, usikisogeze hata akihema vipi. Baada ya muda utasikia mgongo wake umelegea chini ya mkono wako. Niligundua akiwa na homa ya kwanza, hajaanza hata kutambaa, na nimekitumia mpaka ameolewa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata baba yake, hata yeye mwenyewe hajui ninachofanya. Nilitaka kiwe changu.

Mkono wa kulia, dada. Wa kushoto hauna uzito wa kutosha.

Mdogo wako